Mgongo umepinda, ini limefifia, dawa haifanyi kazi: kutafuta chanzo ndani ya gunia la provande

Kuanzia Kabare na Walungu, Kivu Kusini, mpaka kwenye vizimba vya Ziwa Kivu, wafugaji wengi wa tilapia na kambale wanajichanganyia provande (chakula cha mifugo) wenyewe: mahindi, soya, pumba za mchele kutoka bonde la Ruzizi, machicha ya bia, sambaza wakavu (samaki wadogo wa ziwani), halafu mwishoni kijiko cha unga fulani ulionunuliwa farmasi ya mifugo ya Kadutu au Nyawera, mjini Bukavu. Kijiko hicho kinaitwa "vitamini" hata kama ndani mna madini, antibiotiki au vyote kwa pamoja. Samaki wakiugua, kijiko kinaongezwa. Hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa, kwa sababu kiongezo kina kazi ya kuziba pengo dogo kwenye chakula kilicho kizuri. Chakula kilichooza hakitengenezwi na kiongezo, na dawa yoyote unayoweka kwenye provande inapita kwenye nyama kabla ya kutoka.

Mwongozo huu unaanza na kile unachokiona bwawani, kisha unarudi nyuma mpaka kwenye gunia.

Kwanza ondoa maji kwenye orodha

Usifungue gunia lolote kabla ya kufika bwawani alfajiri. Tilapia wakiwa juu wanahema saa kumi na moja, kisha wakatulia jua likishapanda, tatizo ni oksijeni na hakuna unga utakaolitibu. Punguza chakula, ingiza maji mapya. (Kambale hupanda kuvuta hewa kwa kawaida, kwa hiyo yeye usimtumie kama kipimo.)

Pima pia joto. Mabwawa ya milimani kwetu mara nyingi hubaki chini ya nyuzi 22, na tilapia anayeishi kwenye nyuzi 18 anakula kidogo na kukua polepole hata ukimpa premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya bei gani. Anayempa kwa siku asilimia 3 ya uzito wake kwenye maji kama hayo anarutubisha matope. Shuka mpaka asilimia 1 au 1.5, angalia kama chakula kinaisha ndani ya dakika 15, kisha ndiyo uhukumu provande. Na kama bwawa limejaa vifaranga vidogo ambavyo hukuvipanda, samaki wamezaana na wanagombania chakula. Huko si kukosa vitamini.

Mgongo umepinda, fuvu la kambale lina ufa

Samaki mmoja au wawili waliopinda tangu wakiwa vifaranga wanaweza kuwa wameumia au wamezaliwa hivyo. Lakini ukiona wengi wanaanza kupinda baada ya wiki kadhaa za kula provande ileile, tazama dalili nyingine tatu: damu kwenye mashina ya mapezi, vifuniko vya matamvua vilivyo vifupi, na vidonda vya wavu visivyopona. Kwa kambale, pitisha kidole juu ya kichwa. Kwenye hali mbaya fuvu huwa na mstari laini wa ufa, mwekundu au mweupe. Picha hiyo ni ya upungufu wa vitamini C mpaka ithibitike vinginevyo.

Chanzo cha kawaida ni premiksi ya kuku. Kuku anajitengenezea vitamini C mwilini, kwa hiyo aliyetengeneza premiksi yake hana sababu ya kuiweka, au anaweka kidogo sana. Tilapia na kambale hawawezi kuitengeneza, lazima waile. Jambo hili halifanani kwa samaki wote: esturjoni, samaki wa nchi za baridi anayefugwa kwa ajili ya kaviari, anajitengenezea mwenyewe. Kwa hiyo jedwali la chakula lililoandikwa kwa ajili yake, au kwa kuku, lisihamishiwe kwenye bwawa la tilapia.

Chanzo cha pili: vitamini C iliwekwa lakini ilikufa njiani. Asidi askobiki ya kawaida, yaani vitamini C tupu, inaharibiwa na joto, mwanga, unyevu na hewa. Ukiichanganya kwenye unga, ukaipitisha kwenye mashine ya kusaga nyama ili kupata punje, ukaanika punje juani siku mbili na kuhifadhi miezi miwili, iliyobaki ni kidogo mno. Madini ya shaba na chuma yanaharakisha uharibifu huo, kwa hiyo kuweka vitamini na madini kwenye chupa moja "kurahisisha kazi" ni kuimaliza vitamini kabla haijafika kwa samaki.

Dawa yake ni kununua vitamini C iliyofungwa na fosfati, ile ambayo lebo inaiita askobili fosfati. Hiyo inavumilia joto na kuhifadhiwa. Lenga miligramu 200 za vitamini yenyewe kwa kilo ya chakula. Hitaji la tilapia linatajwa kuwa miligramu 50 au chini ya hapo, na ziada iliyobaki ni ya kufidia kinachopotea. Bidhaa yenye nguvu ya asilimia 35 inahitaji gramu 0.57 kwa kilo, yaani karibu gramu 29 kwa gunia la kilo 50. Ukikosa aina hiyo, tumia asidi askobiki ya kawaida, gramu 25 kwa kilo 50, lakini iweke baada ya punje kukauka na kupoa: changanya na mafuta kidogo, paka juu ya punje, na usitengeneze zaidi ya chakula cha wiki moja.

Waliopinda sana hawatanyooka. Watoe, uwauze au uwale nyumbani; nyama yao haina madhara. Kipimo cha kwamba umefaulu ni wale wadogo wanaokua sasa bila kupinda.

Kuhusu kuchanganya kiongezo cha gramu 29 kwenye kilo 50: ukikimwaga juu ya rundo na kupiga koleo mara tano, upande mmoja utapata yote. Changanya kwanza na nusu kilo ya unga laini wa mahindi, hiyo iende kwenye kilo 5, hizo ziende kwenye kilo 50. Mzani wa jikoni wa kupima gramu moja ni lazima. Kijiko si kipimo, kwa kuwa kijiko cha premiksi moja kinaweza kuwa na uzito mara mbili ya kijiko cha nyingine.

Macho meupe, mapezi yamelika, mifupa laini

Uliza kwanza kama samaki wanakula provande au konsantre (chakula kizito cha kuchanganya) ya kuku wa mayai. Chakula hicho kina kalisi (kalsiamu) nyingi kwa ajili ya ganda la yai, kama asilimia 3.5 hadi 4. Samaki anafyonza kalisi kwenye maji, haihitaji kwa wingi huo, na kalisi hiyo inazuia fosforasi na zinki kuingia mwilini. Zinki ikipungua, mapezi hulika na lenzi ya jicho inaweza kuwa nyeupe. Fosforasi ikipungua, samaki anakuwa mlaini na mfupi, akila sana bila kuongezeka uzito.

Pumba na soya vina fosforasi nyingi, ila sehemu kubwa yake imefungwa kwenye fitati ambayo tumbo la samaki haliwezi kuifungua. Kuongeza chokaa ya kilimo hakusaidii, kwa sababu chokaa ni kalisi tena. Weka monokalisi fosfati, kilo 1 kwa kilo 100 za chakula. Inatoa kama gramu 2.2 za fosforasi kwa kila kilo ya chakula. Kwa zinki, gramu 6 hadi 7 za salfati ya zinki yenye maji (heptahidrati kwenye lebo) kwa kilo 50 za chakula zinatosha. Usizidishe ukidhani ni vitamini.

Kabla ya kulaumu chakula, pasua jicho moja. Ukiona viminyoo vidogo vinavyotembea kwenye lenzi, chanzo ni vimelea vinavyoletwa na konokono na ndege, na kazi yako ni kufyeka majani na kuondoa konokono.

Ini limefifia au la njano, samaki wanakufa mmoja mmoja

Hapa panahitaji uvumilivu, na ndipo pesa nyingi zinapopotea kwa antibiotiki bure.

Chukua samaki watatu wagonjwa walio hai bado. Aliyekufa tangu usiku ini lake linadanganya. Chukua na mmoja mzima wa bwawa lingine. Wapasue upande kwa upande. Ini zuri ni la kahawia yenye wekundu na halimegeki ovyo. Ini la krimu lenye mafuta linaweza kuwa ni wanga mwingi tu. Ini la njano lenye madoa ya damu, matamvua yaliyopauka, na samaki waliopunguza kula wiki nzima: nenda moja kwa moja kwenye mahindi na mashudu ya karanga.

Ukungu unaozaa sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini, unapenda nafaka iliyohifadhiwa na unyevu, na Bukavu mvua inaanza Septemba mpaka Mei. Kuna jaribio rahisi la unyevu: kausha chumvi laini kwenye sufuria, ipoe, weka kijiko kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na mahindi mpaka robo ya chupa. Funga, tikisa dakika mbili, acha itulie dakika kumi. Chumvi ikigandamana kwenye kioo, mahindi yana unyevu wa juu ya asilimia 15. Isipogandamana, anika siku moja zaidi, maana unataka 13 au chini yake. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta kama mkono mmoja.

Punje za mahindi zilizobadilika rangi, zilizovunjika au zenye wadudu zichambue kwa mkono na kuzitupa. Sumu nyingi hujikusanya kwenye hizo chache. Kukosa kuona ukungu hakuthibitishi usalama, kwa kuwa ukungu ukifa, sumu inabaki. Kupika au kukaanga hakuiondoi kwa kiasi cha kutegemea. Na gunia ulilolikataa kwa samaki usilihamishie kwa bata, ambaye ni mwepesi mno kufa kwa aflatoksini, wala kwa ng'ombe wa maziwa, maana sumu inatoka na maziwa.

Udongo wa bentoniti unaouzwa kama "kifunga sumu" unafanya kazi kwa aflatoksini kwa sababu unaishika tumboni isiingie damuni. Asilimia 0.5 hadi 1 ya chakula ni kiasi cha kawaida. Kupita asilimia 2 ni makosa. Lakini sumu nyingine za ukungu, kama zile za ukungu uitwao fuzariamu zinazopatikana sana kwenye mahindi, inazishika vibaya. Tunaikubali kama kinga ya akiba kwenye mahindi yanayoonekana mazuri msimu wa mvua. Kuitumia ili mahindi yaliyooza yapite, hapana.

Kwa mlaji: mabaki ya aflatoksini huwa mengi kwenye ini kuliko kwenye minofu. Bwawa likiwa na shaka, badilisha chakula chote, subiri wiki tatu au zaidi kabla ya kuvua, na matumbo na maini yasiuzwe wala yasipewe mtoto.

Sasa mtuhumiwa wa pili, mafuta yaliyochacha. Nusa gunia: harufu ya rangi ya kupaka mlango, ukakasi ukionja kwa ncha ya ulimi. Samaki wanaokula mafuta hayo wanakuwa weusi au kupauka, misuli ya mgongo inakonda, na ini linapata rangi ya machungwa iliyofifia. Pumba za mchele ndizo zinaongoza kwa kuchacha, kwa kuwa mchele ukishakobolewa kimeng'enya kilicho ndani kinaanza kuvunja mafuta siku hiyohiyo. Nunua pumba mbichi kiasi cha wiki moja au mbili, au zikaange kwenye karai siku unayozileta mpaka zitoe harufu nzuri na kukauka. Joto linakiua kimeng'enya. Sambaza waliokaa miezi gunia likiwa wazi wanachacha vilevile.

Kizuia kuchacha kama BHT, kisichozidi miligramu 150 kwa kilo ya chakula, kinawekwa mafuta yakiwa mazuri. Hakirudishi nyuma kilichokwisha kuharibika. Etoksikwini, inayotajwa kwenye premiksi za zamani, ilisimamishwa Umoja wa Ulaya mwaka 2017 kwa sababu usalama wake haukuweza kuthibitishwa; ukiwa na chaguo, nunua nyingine. Vitamini E ya miligramu 50 hadi 100 kwa kilo inasaidia misuli. Na kama unahitaji mafuta ya kupaka punje, mawese mekundu mabichi yana vitamini E ya asili na yanachacha polepole kuliko mafuta ya samaki.

Wanazunguka, wanaegemea upande

Kama unalisha sambaza wabichi kambale wako, wachemshe. Samaki wengi wa jamii ya sambaza wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na joto linakiua. Premiksi yenye B1 ikichanganywa na samaki wabichi inaharibiwa kwenye ndoo kabla haijaliwa. Lakini wanaozunguka huku macho yamevimba na yana damu wanaelekea kuwa na bakteria, na hapo mwite veterineri.

Nimeweka antibiotiki, wanaendelea kufa

Sababu ya kwanza: samaki mgonjwa hali chakula. Dawa ya kwenye chakula inaingia kwa wale wenye hamu ya kula, yaani walio wazima. Ikiwa nusu ya bwawa imegoma kula, umechelewa kwa njia hiyo.

Ya pili ni dozi. Oksitetrasikilini, antibiotiki ya jamii ya tetrasikilini ("tetra"), hupimwa kwa uzito wa samaki, na kiwango kinachotumika sana ni miligramu 75 kwa kilo ya samaki kwa siku, siku 10 mfululizo. Tuseme una samaki 600 wa gramu 100, jumla kilo 60. Wanahitaji gramu 4.5 za dawa yenyewe kwa siku. Unga wa kuku wenye asilimia 20 ya dawa utakuwa gramu 22.5. Wakila asilimia 2 ya uzito wao, chakula cha siku ni kilo 1.2, na gramu hizo zote ziingie humo, zikishikwa na mafuta kama mililita 30 kwa kilo. Anayefungua kapsuli nne za tetra za gramu robo na kuzimwaga kwenye bwawa hilo ametoa gramu 1, chini ya robo ya dozi. Hiyo haiponyi, inafundisha bakteria kuvumilia, na bakteria hao wanafika mikononi mwa anayeparua samaki.

Ya tatu inasahaulika: oksitetrasikilini inashikana na kalisi. Ukiiweka kwenye chakula chenye fosfati nyingi, chokaa au konsantre ya kuku wa mayai, sehemu kubwa inatoka na choo bila kuingia damuni. Jua pia linaivunja, kwa hiyo punje zenye dawa zikauke kivulini.

Kuweka antibiotiki kidogo kila siku ili samaki "wakue vizuri" ni jambo tunalolipinga kabisa. Ulaya ilipiga marufuku antibiotiki za kukuza mifugo tangu Januari 2006. Antibiotiki za kloramfenikoli na nitrofurani hazitakiwi kwa mnyama yeyote wa kuliwa, hata kama duka linaziuza, na kijani cha malakaiti, rangi ya kemikali inayotumika kwenye ukungu wa mayai ya samaki kinajificha kwenye mafuta ya mwili kwa muda mrefu. Premiksi ikiandikwa "ya kukuza na kukinga" bila orodha ya vilivyomo, iache dukani.

Muda wa kusubiri kabla ya kuuza unategemea joto la maji, kwa sababu samaki wa maji baridi anatoa dawa polepole. Kanuni iliyotumika Ulaya kwa dawa zisizoandikiwa samaki ni nyuzijoto-siku 500: gawanya 500 kwa joto la maji. Nyuzi 25, siku 20. Nyuzi 20, siku 25. Bwawa la nyuzi 18 kule milimani, siku 28. Kikomo cha kimataifa cha oksitetrasikilini kwenye minofu ni mikrogramu 200 kwa kilo, na kukaanga hakutoi uhakika wa kuimaliza.

Homoni kwa vifaranga: walibaki majike

Methiltestosteroni, homoni ya kiume, inatumika kupata tilapia madume pekee: miligramu 60 kwa kilo ya chakula, siku 21 hadi 28, kuanzia kifaranga anapoanza kula, akiwa hajafika milimita 14. Ukipata majike wengi, angalia kama ulianza wakiwa wakubwa, kama bwawa lilikuwa la kijani na walijaza matumbo kwa chakula cha asili, au kama punje zilikaa juani. Kuongeza dozi ni njia mbaya. Ikizidi sana inaweza kugeuza matokeo na kuzaa majike. Iyeyushe kwenye alkoholi, nyunyiza, kausha kivulini, hifadhi kwenye friji. Vaa glavu na barakoa, mjamzito asiiguse. Kwa vifaranga wa wiki chache, homoni imekwisha kutoka mwilini miezi mingi kabla ya kuvunwa. Kumpa samaki mkubwa ili anenepe ni kumlisha mnunuzi homoni.

Nyama ina harufu

Harufu ya tope inatoka kwenye mwani na bakteria wa bwawani, kiongezo hakihusiki. Waweke kwenye maji safi yanayopita, bila chakula, siku 3 hadi 7, ukionja mmoja kila siku. Harufu ya mafuta mabovu inatoka kwenye sambaza au mafuta yaliyochacha na haiondoki kwa siku tatu. Badilisha chakula wiki kadhaa kabla ya kuvua. Kwa vyovyote acha kulisha saa 24 hadi 48 kabla ya soko ili utumbo uwe mtupu.

Kwenye bwawa lililopata dawa, chomeka kijiti chenye kibao: jina la dawa, siku ya mwisho ya kulisha, tarehe ya kuruhusiwa kuvua. Mlinzi na watoto wa nyumbani wajue maana yake, kwa sababu samaki wa kitoweo hutolewa jioni wakati mwenye bwawa hayupo.